Kiti cha Tatu

Ofisini kwetu Nyakato, juu ya duka la vipuri,
tuko wachoraji watano na viti vitatu.
Sisemi viti vya mbao; hivyo vimezidi, vingine tunawekea mafaili.
Nasema vile visivyokalika kwa makalio,
ambavyo Bi Chasama huvilipia kwa dola kila Januari
akiguna kama anayeng'olewa jino.

Seva iko chini ya meza yake, imefunikwa kitenge kuzuia vumbi.
Ndiyo inayohesabu.
Ukifungua programu inakuuliza kupitia waya: wewe nani?
Inapekua daftari lake, inakupa, au inakunyima.
Haina mjomba, haina shemeji.
Haijali kwamba mhandisi wa mitaro ya Igombe yuko mlangoni
na tope limemganda viatuni.

Basi tumejifunza kuamka.
Saa kumi na mbili kasoro nimeshapanda ngazi,
korongo bado wamejikunyata juu ya mapaa,
nawasha, nashika kiti, ndipo nateremka kutafuta chai.
Kama ndoo kwenye foleni ya bomba:
ndoo ipo, mwenyewe yuko kwake anasukwa nywele.
"Nani kashikilia?" Kabula anapayuka saa tano.
"Namalizia."
Hakuna anayemalizia.

Kijana mmoja wa Makoroboi alituletea flashi.
Elfu ishirini tu, akasema, hamtaulizwa tena na mtu.
Bi Chasama aliishika, akaigeuza, akamrudishia.
"Mimi nagonga muhuri kwenye ramani za watu.
Kesho nitamwambia nini aliyehamisha bikoni?"

Mwezi wa tisa Lushinge akatumwa Irugwa
kupima mwalo, kuchora gati na choo cha wavuvi.
Kule mtandao huja kama mgeni wa harusi,
ukishiba haujulikani ulitokea mlango gani.
Akaazima kiti.
Seva inaruhusu: siku thelathini, hata saa moja haizidi.
Nilikuwa nyuma yake alipobonyeza.
"Nitakirudisha," akaniambia,
kana kwamba kilikuwa changu.

Tukabaki wanne kwa viwili.
Nilimlaani, nisiseme uongo,
kila asubuhi Kabula aliponitangulia ngazini.
Wiki ya pili alituma picha ya mawe.
Wiki ya tatu alimtumia mwenye nyumba kodi ya mwisho,
nikaelewa nusu.
Kisha nahodha wa boti akaleta flashi ndani ya nailoni ya sukari:
gati lote, choo chote, vipimo mpaka sentimita.
Barua hakuna.
"Yupo mzima," nahodha alisema, akitazama pembeni.
"Ana duka la nyavu. Wana duka la nyavu."

Wana.

Usiku wa siku ya thelathini sikwenda nyumbani.
Nilifunua kitenge, nikawasha kioo, nikakaa sakafuni.
Saa sita kamili mstari ukajiandika:
LUSHINGE, kiti kimoja, kimerejeshwa.
Kwa mujibu wa daftari kimevuka maji yote yale
bila tiketi, bila kulowa, bila mtu.
Wanasema dawa ya deni ni kulipa.
Hili limejilipa lenyewe gizani, mdaiwa amelala;
sijui nimshukuru nani.

Seva inajua sekunde aliyokichukua.
Haijui kwamba siku ile nilimfungia chapati nne
ndani ya karatasi ya ramani iliyoharibika,
na kwamba alizipokea bila kuuliza kwa nini nne.

Tatu bure, liliandika daftari. Tatu kati ya tatu.
Mwezi mzima nilikuwa nikiililia namba hiyo.
Nikaiacha imekaa hivyo kidogo,
nje mbwa wa mlinzi akibwekea lori la dagaa.

Kisha nikakumbuka mitaro ya Igombe,
na kwamba alfajiri Kabula atakuwa kwenye ngazi.
Nikakishika.